Binti Aliyegeuka Mti, na Mikono ya Shangazi Raya

Wiki iliyopita jirani yangu hapa Rashidiya, Dubai, mama mmoja wa Kishami, mtu wa Syria, alinirudishia sahani niliyompelekea vitumbua. Kwao kama kwetu, sahani haimrudii mwenyewe tupu. Alikuwa ameweka juu yake kipande cha sabuni, nje kahawia kama jiwe la kuokota, na ukikikwangua kwa kucha, ndani kijani. Nilikinusa mle jikoni mara moja tu, nikavuta kiti nikakaa. Harufu ya mafuta ya zeituni, ya majani makavu, na kitu kichungu kidogo nyuma yake, kama ukuni uliochomwa haujakauka. Waarabu huiita sabuni ya ghari. Ni sabuni hiyo iliyonifanya, nikiwa msichana mdogo, nimshuku baba yangu mzazi kwamba alitaka kumgeuza dada yake mti.

Baba hayupo tena wa kunisahihisha, Mungu amrehemu, na Mama kila akisimulia mambo ya zamani huyapendelea yale yanayompendeza marehemu. Kwa hiyo nayasema kama nilivyoyaona mimi, kwa macho ya mtoto aliyepewa kazi ya kuchungulia.

Tulikuwa tukikaa Al Baraha, ghorofa ya pili ya jengo la zamani. Uani palikuwa na dobi wa Kihindi aliyeanika kandura za watu, zile kanzu nyeupe za Waarabu, na ukitoka mlango wa mbele ulikutana na kinyozi na duka la simu. Baba alifanya kazi kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege. Yeye alikuwa mtu wa Unguja, Mama ni wa Mombasa, na kila mmoja aliamini mwenzake hajui kupika samaki. Nilikuwa mtoto peke yangu mpaka alipokuja Shangazi Raya, mdogo wake Baba wa mwisho, akawekewa kitanda chumbani kwangu.

Nilimpenda siku ile ile. Alikuwa mrefu, mpole wa maneno, na mikono yake ilikuwa kitu cha kutazamwa: vidole virefu vilivyonyooka, na alipoeleza jambo vilitangulia kusema kabla ya mdomo. Alikuja kufanya kazi kwenye duka la vitambaa la Ami Khalfani, kule Bur Dubai. Viza yake ilikuwa ya duka hilo.

Ami Khalfani hakuwa ami yangu wa damu. Alikuwa rafiki wa Baba, mjane wa makamo, mtu wa watu. Baba alipofika Dubai mara ya kwanza bila kumjua yeyote, Ami Khalfani ndiye aliyempokea, akamlaza dukani kwake juu ya majora ya vitambaa, akamtafutia kazi. Jambo hilo nililisikia mara nyingi, maana Baba hakuchoka kulisema. Kila Ijumaa baada ya sala Ami Khalfani alikuja kula kwetu. Alikaa mahali pale pale, akielekea mlango wa jikoni. Mimi aliniletea chokoleti, Mama udi, na Shangazi Raya kipande cha kitambaa, kila wiki kizuri kuliko cha wiki iliyopita.

"Ahsante, Ami," Shangazi alikuwa akisema, na kila alipomwita Ami, Mama alikohoa.

Watu wazima wote walijua maana ya vile vitambaa. Mimi nilijua kwa namna watoto wanavyojua, yaani nilijua kuna jambo, sikujua jambo gani. Na vitambaa vyenyewe Shangazi hakushona hata kimoja. Alivikunja akavipanga chini ya kitanda chake, karatasi ya duka haijatoka.

Zamani zile maduka ya Bur Dubai yalifungwa mchana, yakafunguliwa tena jioni jua likipungua makali. Mwanzoni Shangazi alirudi nyumbani mchana kula na kujinyoosha. Halafu akaacha kurudi. Alisema njia ni ndefu, joto kali, anapumzika huko huko dukani. Mama alilikubali neno hilo mpaka simu ilipolia mchana mmoja, naye alikuwa Ami Khalfani, akiuliza kwa upole kama Raya amefika nyumbani salama.

Tangu siku hiyo nyumba yetu ikawa nyumba ya kunusana. Sisemi kwa mfano. Shangazi akiingia bafuni, Mama aliliendea baibui lake pale msumarini, akalinusa kwapani na kwenye mikono.

"Hii si sabuni ya nyumba hii," alimwambia Baba nikiwa nasikia. "Mwanamke akioga nje, huko nje ana kwake. Miye simo, lakini macho ninayo."

Kesho yake Baba aliniita roshanini, akanishika bega.

"Wewe unalala naye chumba kimoja," alisema. "Ukiona kitu, uje uniambie mimi. Si mama yako. Mimi."

"Kitu gani, Baba?"

"Kitu chochote."

Mtoto akishaambiwa atazame chochote, huona kila kitu. Niliona unga mweupe kwenye kikunjo cha kiwiko chake, umeganda na kupasuka pasuka kama udongo wa shamba lisilopata mvua. Niliona vinyweleo vya mikono vimeondoka. Niliona jani moja gumu la kijani limenasa kwenye mtandio wake, na nje kwetu hakukuwa na mti wenye jani kama lile. Jambo lililonitisha zaidi niliona asubuhi moja, nilipofungua mlango bila kubisha. Shangazi alikuwa amesimama mbele ya kioo, mikono ameinua juu, vidole amevitawanya, na hatikisiki. Nilimwita. Hakugeuka upesi. Alipogeuka alicheka, akasema alikuwa akijinyoosha mgongo.

Sikumwambia Baba. Kwanza nilitaka kujua ninachokiona ni nini.

Ijumaa moja asubuhi alikuwa akinitia mafuta nywele, mimi nimekaa sakafuni katikati ya magoti yake, na ile harufu inatoka mikononi mwake inashuka usoni pangu. Nikamwuliza ni harufu gani. Akasema harufu hiyo ina hadithi, na kama nitatulia atanisimulia.

"Palikuwa na binti mmoja wa Kiyunani," alianza. "Baba yake alikuwa mto."

"Mto wa kulalia?"

"Mto wa maji, we! Huko kwao zamani walisema mito ina roho zake, na roho hizo zina watoto. Binti huyu alipenda kukimbia porini, hapendi kukaa ndani, hataki habari za kuolewa. Sasa akatokea bwana mmoja mkubwa, mwenye cheo, wanasema jua lenyewe lilikuwa chini ya amri yake. Akamwona, akamtaka."

"Na yeye akamtaka?"

Kitana kilisimama kichwani mwangu. "Yeye hakuulizwa. Alikimbia. Yule bwana akamkimbilia, huku akimwambia kwa sauti nzuri: usiogope, mimi si mwizi, mimi ni mtu mkubwa, nakupenda. Mbio, mbio, mpaka binti akasikia pumzi za yule bwana kisogoni. Mbele akauona mto wa baba yake. Akapiga ukelele: Baba, nisaidie!"

"Akamsaidia?"

"Akamgeuza mti."

Nilitaka kugeuza kichwa nimtazame, akanishika masikio nitulie. Aliniambia miguu ya yule binti ilishika ardhi, ngozi yake ikawa gome, mikono aliyokuwa ameinua ikawa matawi, na vidole vikachipua majani. Yule bwana alipofika alikumbatia mti. Wala hakwenda zake. Alichuma majani yake akajitengenezea taji, akawa anatembea nalo kichwani popote aendapo. Wayunani mpaka leo, alisema, mti huo wanauita kwa jina la yule binti, na hawa Waarabu wanauita ghari.

"Nusa," akaniletea kiganja puani. "Mafuta ya sabuni hii yanatoka kwenye tunda lake."

Nani asingeelewa? Ngozi inayoganda na kupasuka. Mikono iliyoinuliwa mbele ya kioo. Jani kwenye mtandio. Shangazi yangu alikuwa ameshaanza kugeuka. Na hadithi ilikuwa imenieleza wazi ni nani afanyaye kazi hiyo. Baba yao yeye na Baba alikuwa amekufa zamani, kwa hiyo aliyesimama mahali pa baba yake alikuwa Baba yangu. Mama mwenyewe alisema hivyo kila siku: "Masoudi, wewe ndiye baba yake hapa."

Wiki haikupita, Baba akarudi kutoka kazini na mwenzake wamebeba chungu cha kupandia maua, kikubwa hata mimi ningeweza kusimama ndani. Walikiweka roshanini, wakakijaza udongo mweusi wa mfuko. Mama alikuwa akitaka mdimu kwa muda mrefu, lakini mimi hilo sikulijua, wala hapakuwa na mdimu. Palikuwa na chungu tu, kimejaa udongo, kinasubiri. Nilikitazama kutoka chumbani kupitia pazia, nikapima kwa macho kama miguu ya Shangazi ingetosha.

Nilianza kumchunguza Baba. Alipopita nyuma ya kiti cha Shangazi, niliangalia mikono yake. Alipomwaga maji kunawa akisoma dua yake midomoni, niliangalia maji yanakwenda wapi. Nilikula chakula kwa kushtuka shtuka, na Mama akaninunulia dawa ya minyoo.

Shule zikafungwa. Alasiri moja Ami Khalfani akaja siku isiyo ya Ijumaa, na hakuleta kitu. Mama alikuwa kwa rafiki yake, Shangazi alikuwa dukani. Mimi nilikuwa kwenye ujia, nimekaa kwenye viatu vya watu.

"Masoudi, mimi si mtoto," nilimsikia akisema. "Mchana duka likifungwa, dada yako anaingia kwenye nyumba moja ya zamani nyuma ya maduka, ile yenye mnara wa upepo. Anabisha, mlango unafunguliwa kutoka ndani. Akitoka, ananuka sabuni."

"Unasema nini, Khalfani?"

"Sisemi kitu. Nasema tuwahi. Viza yake inakaribia kwisha. Siwezi kuwa kafeel, nimdhamini mtu nisiyejua anakokwenda, watu wananitazama. Akiwa mke wangu, khalas, yaliyopita yamepita, wala sitamwuliza."

Kisha sauti ya Baba, nzito: "Ijumaa ijayo, inshallah. Niachie mimi. Nikimaliza naye, hatakimbia tena popote."

Ningehitaji ushahidi gani zaidi? Ami Khalfani alipoondoka na Baba akamsindikiza chini, nilikwenda roshanini na kijiko cha pilau, nikaanza kutoa ule udongo na kuumwaga nje ya ukingo. Kijiko kilikuwa kidogo, nikatumia mikono. Sikutazama ulikokuwa ukiangukia. Uliangukia kwenye kamba za dobi, juu ya kandura za watu, zilizokuwa zimekauka na kunyooka zikisubiri pasi.

Dobi alipanda ngazi na kandura begani yenye michirizi myeusi, akipiga kelele kwa Kihindi na Kiarabu pamoja. Baba alimwomba radhi mlangoni, akamwahidi mengi. Kisha akaja roshanini akanikuta nimesimama mbele ya chungu nusu tupu, nimetanua mikono kama golikipa.

"Nasra. Kwa nini?"

"Usimgeuze," nilisema.

"Nisimgeuze nani?"

"Shangazi. Usimgeuze mti, Baba. Nimekusikia. Ijumaa."

Alidhani ninamdhihaki. Nilimwona anavyokunja uso. Basi nikamwambia yote, kwa haraka na kwa kulia: binti wa Kiyunani, bwana wa jua, mto, gome, unga mweupe wa kwenye kiwiko, mikono mbele ya kioo. Nilikimbilia chumbani, nikamletea lile jani nililokuwa nimelificha chini ya mto wangu. Baba alilishika kwa ncha za vidole, akalinusa, akakaa kwenye ukingo wa chungu, suruali yake ya kazini imeingia udongo.

Aliuliza, "Na huyo baba yake, alifanya hivyo kwa ubaya?"

"Sijui. Shangazi hakusema."

Kesho yake hakwenda kazini. Mchana, jua likiwa utosini, tulivuka khor, ule mkono wa bahari unaogawa mji, kwa abra, mashua ya abiria, yeye na mimi, tukapita maduka yaliyofungwa mpaka kwenye ile nyumba yenye mnara wa upepo. Mkono wangu aliushika kwa nguvu, na nikawaza labda ananipeleka mimi nikageuzwe pamoja na Shangazi, mti mkubwa na mche wake. Nakiri niliwaza hivyo. Lakini nilikwenda.

Mlango alifungua mama mfupi mwenye nywele nyeupe zilizokatwa kama za mwanamume, aproni imejaa matone makavu. Baba alimsalimu kwa Kiarabu, huku macho yake yako nyuma ya yule mama: yalitazama pembe za ua, viatu vilivyovuliwa, vikombe vya chai juu ya meza. Alikuwa akitafuta mwanamume. Viatu vyote vilikuwa vya kike.

"Mimi ni kaka yake Raya," alisema.

Yule mama akamtazama, akanitazama mimi, akasogea pembeni tupite.

Shangazi alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya chumba kikubwa, mikono ameinua, imeegemezwa juu ya miti miwili. Kutoka vidoleni mpaka viwikoni alikuwa mweupe, mgumu, mnene. Nilipiga ukelele nikajificha nyuma ya Baba. Tumechelewa, niliwaza.

"Kaka Masoudi," alisema Shangazi, na sauti yake ilikuwa ile ile.

"Inuka twende."

"Siwezi. Jasi haijashika. Nikijitoa sasa itavunjika yote."

"Nani kakufunga?"

"Nimejifunga mwenyewe."

Baba alikosa la kufanya. Mtu huwezi kumburuta dada yako na mikono imo ndani ya jasi. Yule mama, Madamu Rima, alivuta kiti akamwekea, akamwambia kwa sauti ya kawaida kwamba ni mpaka jasi ishike, si muda mrefu, na je, angependa chai? Ndipo tulipoiona sanamu. Ilikuwa nyuma yetu, ya udongo, ndefu kuliko Baba. Kuanzia chini mpaka kifuani ilikuwa gome la mti, juu yake shingo na uso wa msichana aliyetazama nyuma, nywele zimeanza kuwa majani. Mikono haikuwa nayo. Iliishia mabegani.

Mambo yakaelezwa, Kiarabu na Kiswahili vikipishana. Madamu Rima alikuwa ameingia dukani kwa Ami Khalfani kununua bafta ya kuchovya kwenye jasi, akaiona mikono ya Shangazi ikipima kitambaa, akamwomba. Shangazi alikuwa akija mchana, wanapaka sabuni ile ya ghari ili jasi isishike ngozi, wanachukua kalibu ya mikono, umbo la kumiminia, inaharibika, wanaanza tena. Hakuwa akichukua malipo. Alikuwa akifundishwa kazi, na kalibu za majani yaliyokuwa mezani alikuwa amezitengeneza yeye, kutoka kwenye mti ulio ndani ya chungu pale uani.

"Kwa nini hadithi hii?" aliuliza Baba. "Hadithi ya washirikina."

Madamu Rima alileta kitabu kikubwa cha picha, akakifungua magotini pa Baba. Watu wamemchonga binti huyu kwa mawe, alisema, wamemchora kwenye kuta na vyombo, karne kwa karne. Akafunua kurasa. Katika kila picha binti anakimbia na bwana yuko nyuma yake, mkono umeshafika kiunoni. "Watu wanasimama mbele ya kazi hizi wanamsifu huyu bwana jinsi anavyokimbia vizuri," alisema. "Kwenye yangu hayumo. Nimemtoa nje."

Baba aliendelea kufunua mwenyewe. Kidole chake kilitafuta kitu. "Na baba yake yuko wapi?"

"Wengi hawamweki. Huyu hapa amewekwa." Akamwonyesha, pembeni kabisa mwa picha moja, mzee mwenye ndevu amelalia mtungi unaomwaga maji.

"Anafanya nini hapa?"

"Hafanyi kitu. Ameshafanya."

Mimi nilikuwa nimetoka nyuma ya kiti. Nilimtazama yule mzee wa picha. Alikuwa na mwili mkubwa na mikono minene, na nikaona swali ambalo lilikuwa wazi mno hata nikashangaa watu wote hawa wenye vitabu hawajaliuliza.

"Baba," nilisema, "kwa nini hakumwambia tu yule mtu aende kwao?"

Shangazi alianza kulia, na kwa sababu mikono yake imefungwa hakuweza kujifuta, machozi yakawa yanatiririka mpaka kidevuni na yeye amekaa vile vile, mikono juu. Baba akainuka, akatoa leso mfukoni, akamfuta uso kama anavyofutwa mtoto.

"Raya," alisema. "Khalfani unamtaka?"

"Sijamtaka hata siku moja, kaka. Ndiyo maana namwita Ami."

"Mbona hukusema?"

"Hukuniuliza. Na viza ni yake. Na wewe ulilala dukani kwake. Ningesema nini?"

Madamu Rima aligonga jasi kwa kifundo cha kidole, akaniita niguse. Ilikuwa ya moto, kama paji la mtu mwenye homa. Alisema ndivyo inavyokuwa ikishika. Akaipasua kwa patasi pembeni taratibu, ikafunguka kama ganda la embe kavu, na mikono ya Shangazi ikatoka imelowa, myekundu myekundu, hai. Niliishika nikaibonyeza bonyeza mpaka akacheka.

Maduka yalipofunguliwa jioni, tulikwenda kwa Ami Khalfani. Shangazi hakuja. Baba alinikalisha kwenye kigoda karibu na mlango, lakini duka lilikuwa jembamba na nilisikia kila kitu.

"Umeiona nyumba?" aliuliza Ami Khalfani. Alikuwa akikunja hariri ya buluu.

"Nimeiona. Kuna mama wa Kishami anachonga sanamu."

"Sanamu!" Alicheka, na nikaona anavyoshusha pumzi. "Basi hakuna neno. Ataacha tu. Ijumaa tuendelee."

"Sikuja kwa habari ya nyumba, Khalfani. Hata ungemkuta anaingia msikitini, jibu ni hilo hilo. Dada yangu hataki."

Hariri ilisimama. "Masoudi. Nani alikupokea mji huu?"

"Wewe."

"Ulilala wapi?"

"Hapa, juu ya majora haya. Na nitakushukuru mpaka nakufa. Lakini nikushukuru mimi. Siwezi kukushukuru kwa mwili wake."

Ami Khalfani alimaliza kukunja kile kitambaa, akakiweka rafuni mahali pake, akakilinganisha na vingine. Alikuwa amenipa mgongo, nikaona shingo yake ilivyokuwa imeshuka. Nilikuwa nimemfanya bwana wa jua kichwani mwangu, naye alikuwa mtu mwenye mvi anayekula peke yake siku sita za wiki. "Mwambie kesho asije," alisema. "Viza nitaifuta." Hakupandisha sauti. Tulipotoka hakutazama nyuma, wala Ijumaa hakuja tena kwetu maisha yake yote. Baba alikutana naye msikitini mara kwa mara, wakapeana salamu ya mkono na kila mmoja akashika njia yake.

Mama alimgombeza Baba kwa siku nyingi. Alisema amemkosea mtu wa wema, na kwa ajili ya nini, msichana atarudi Unguja mikono mitupu. Leo Mama anasimulia vingine. Anasema Baba alikuwa ameshaamua kukataa hata kabla ya mimi kumwaga udongo, na kule Bur Dubai alikwenda kuthibitisha tu. Sijui. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema Ijumaa ijayo, lakini masikio yale yale ndiyo yaliyosikia kwamba chungu cha mdimu ni cha kumpandia mtu. Siku hizi siyaamini sana, wala Mama simwamini sana.

Madamu Rima alihangaika kumtafutia viza nyingine, haikupatikana. Sanamu ilikamilika Shangazi akiwa ameshaondoka, ikanunuliwa na watu ambao jina lao hatukuambiwa. Sijapata kuiona ikiwa na mikono yake. Shangazi mwenyewe yuko Unguja, anatengeneza mapambo ya jasi ya dari na milango, ana mafundi chini yake, na aliolewa alipokuwa amekaribia miaka arubaini, na mtu aliyemtaka. Akija mtu kumwagiza kazi, hutazama kwanza mikono ya mtu huyo kabla ya uso.

Siku ya safari yake tulichelewa. Lifti ilikwama, teksi ikakosa njia, na tulipofika uwanja wa ndege Baba alikuwa akitoka jasho kuliko yeye. Walipekua mizigo, wakagonga mihuri, na tulipofika mahali ambapo wasiosafiri hawapiti, jina lake lilikuwa likitangazwa kwenye vipaza sauti. Shangazi alinibusu, akamshika Baba mkono akaubusu, Baba akauvuta upesi kama kawaida yake. Kisha akavua viatu, akavishika mkononi, akapandisha baibui magotini, na akaanza kukimbia. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia. Alipita kati ya mabegi na watu waliosimama, mtandio umemshuka mabegani, miguu mirefu inapiga ile sakafu inayong'aa, na kwa mbali tukamsikia anacheka. Kwa mazoea ya miezi ile yote nilitazama nyuma yake, kuona ni nani anayemfuata. Hapakuwa na mtu.